Mwaka Walipochemsha Picha

Tulimzika Bi Mwajuma mwezi uliopita, hapa Tunduma, na kabla sijanawa mikono nile wali wa msibani, kijana mmoja akanijia na kiti chake cha plastiki akakaa ubavuni mwangu. Amevaa vizuri, mpole, shikamoo yake imekaa mahali pake. Kumbe ana shughuli. Kazi yake ni kukusanya picha za zamani, zile nyeusi na nyeupe zilizosafishwa kwa mkono kwenye karatasi zenye madini ya fedha. Anazitia kwenye fremu za mbao, anazitundika ukutani mjini, na watu wenye nafasi zao wanakuja kuzitazama wakiwa wameshika glasi. Akanionyesha baadhi kwenye simu. Za Tanga anazo, za Bukoba anazo, za Unguja ndiyo usiseme. Za huku kwetu hana. "Bibi," akaniuliza, "inakuwaje mji wa mpakani wenye watu wengi hivi hauna picha? Au watu wa huku hawakuwa na utamaduni wa kutunza kumbukumbu?" Aliuliza bila ubaya, najua. Lakini niliiweka sahani chini. Nilitaka kumjibu pale pale nikashindwa, kwa sababu tuliyetoka kumzika ndiye aliyekuwa shahidi wangu wa mwisho, na kwa sababu jibu lenyewe linanigusa na mimi. Nimekaa nalo mwezi mzima linanikereketa. Sasa naliandika, na kama litamkera mtu, basi na limkere.

Mwaka wenyewe ni mmoja katika ile miaka iliyofuata vita vya Uganda, tulipokuwa tunakata kipande cha sabuni kwa uzi ili kigawanyike nyumba tatu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na kazi yangu ilikuwa kuosha picha. Studio ya Mzee Athumani ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe, nyuma ya maghala, mlango unatazama mashariki. Yeye hakuwa na pazia la kuchorwa maua na ngazi kama studio nyingine. Alikuwa na blanketi la kijivu alilolipigilia misumari ukutani, na stuli moja. Mteja akija amejipaka poda, Mzee anampa maji na kitambaa ajifute, halafu anamgusa mafuta ya nyonyo kidogo kwenye paji la uso na mashavuni. "Weusi wako una ngazi kumi," anamwambia. "Ukipaka poda unabaki na mbili." Alikuwa mtu wa Ujiji, alikuja huku wakati reli inajengwa, reli ikaisha yeye akabaki. Umeme hatukuwa nao. Mashine yake ya kukuzia picha ilikula jua: nje ya dirisha tulitega kioo cha kabati la nguo, kikarusha mwanga kupitia tundu kwenye ubao, na mle ndani giza totoro. Mimi nakaa nje kwenye kigoda nakigeuza kioo kulifuata jua, yeye ndani anahesabu kwa sauti. Wingu likipita napiga ukuta ngumi moja, anasimama. Likiondoka napiga mbili, anaendelea pale alipoishia. Wapita njia walidhani tunagombana.

Baada ya hapo picha zinakuja kwangu. Nilikuwa na makarai manne na maji ya kisimani, nayachota mwenyewe, na kila picha inapita maji saba. Dawa ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa inajificha ndani ya karatasi, na ikibaki humo picha inakuja kuliwa polepole miaka ijayo wakati hata mpigaji amekufa. Hakuna chombo cha kuipima, tulitumia ulimi. Baada ya maji ya saba nainyanyua picha, tone linalodondoka pembeni nalionja. Likiwa na utamu wa mbali, ule wa kuchefua, narudia maji. Likiwa maji matupu, naianika. Yule kijana wa msibani alinionyesha picha yake moja yenye doa la njano na kingo zinazong'aa kama kioo, akasema wanunuzi wanaipenda hiyo, wanasema ni uzuri wa uzee. Uzuri gani? Huo ni uvivu wa mtu kuosha. Kuna mwenzangu mahali fulani, miaka hiyo hiyo, alichoka kuchota maji akaridhika na maji mawili, leo uvivu wake unatundikwa ukutani na watu wanaupigia makofi. Na za kwetu, zilizooshwa maji saba mpaka vidole vyangu vikachubuka, haziko. Ndiyo maana nasema sitaki kusikia habari za utamaduni wa kutunza.

Maana tulitunza. Kila picha ambayo Mzee Athumani aliipenda aliisafisha mara mbili, moja ya mwenyewe na moja ya sanduku. Hakuchagua waliopendeza. Alichagua kwa jambo lake analolijua yeye: namna mama fulani alivyoshika pochi, au mzee wa Ihanda aliyekataa kuvua kofia ya mvua. Sanduku lilikuwa la bati, la bluu, limewekwa juu ya matofali kwenye chumba cha giza ili mchwa wasilifikie, na kati ya picha na picha kuna karatasi ya mfuko wa saruji iliyofutwa vumbi. Alianza kwa kupenda tu. Halafu ukaja wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa, watu wakabeba magodoro, kuku na vyungu, na picha za ukutani zikapotea njiani au zikaloa mvua kabla nyumba mpya hazijaezekwa. Watu wakakumbuka sanduku. Wakaanza kuja baada ya mavuno, kutoka Mbangala, kutoka Ihanda, kutoka milimani Ileje, kumtazama mtu wao. Wanakuja na kikapu cha kahawa au kuku. Wananawa mikono kwenye karai, wanakaa kwenye mkeka, Mzee anaitoa picha na kuiweka juu ya kitambaa. Karatasi za kusafishia nyingine zilikuwa adimu kuliko sukari, kwa hiyo wengi walikubali ibaki. Walisema nyumbani moshi utaila, ikae kwako. Likawa desturi, na hakuna aliyeandikishana na mtu.

Katika hao yupo mmoja ambaye nikifumba macho namwona. Mama Gidioni alikuwa Mnamwanga wa Msangano, mwembamba, mrefu, anatembea siku mbili akilala kwa ndugu njiani. Gidioni alipigwa picha wiki aliyokwenda jeshini. Alikwenda vitani akafia huko huko, hata kaburi mama yake hakuonyeshwa. Picha aliyokuwa nayo nyumbani ilikuwa imeshaharibiwa na mvua, ikabaki ya sanduku. Mwaka ule alikuja mwezi wa sita, akanawa, akakaa, nami nikamwekea mwanawe mbele. Kijana amekaa kwenye stuli, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, kovu dogo juu ya nyusi ya kulia, jicho la kushoto limefinywa kidogo na mwanga wa mlangoni, mikono juu ya magoti. Mama hakuigusa. Aliinama juu yake muda mrefu, pua karibu inagusa, kisha akasema kwa lafudhi yao ile ya kuvuta maneno, "Ona, amekificha kidole gumba. Tangu mtoto ni hivyo, akiogopa anakificha." Mzee akamwambia, "Uichukue mwaka huu, mama. Nimekufungia kwenye mfuko wa nailoni." Akakataa. "Nyumba yangu inavuja. Hapa analala pakavu." Tukala naye ugali na migebuka ya kukaushwa iliyotoka Ziwa Tanganyika, akauliza bei ya chumvi, akaondoka kabla jua halijawa kali.

Mzee Athumani alikufa mwezi wa nane, kifua. Siku chache kabla alinipa ufunguo wa sanduku mkononi akasema, "Mimi nimeshikilia tu, Eliza. Wenyewe wamo humo." Nilielewa vizuri sana alichosema. Hakuwa na mtoto. Alimwacha Bi Mwajuma mkewe, ambaye palepale aliingia eda, miezi minne na siku kumi ndani, asionane na mwanamume asiye ndugu yake wa damu wala asitoke nje. Na kwa kuwa mjane yuko ndani, mdogo wa marehemu, Bwana Sefu, akaja kusimamia nyumba. Alikuwa mtu wa bashasha, tumbo mbele, anasimulia vizuri, anaswali swala zote, na kila chombo anachokiona anakigeuza chini kuangalia kimetengenezwa wapi. Mimi aliniita mfua picha. "We mfua picha, leta maji." "Mfua picha, shule uliishia la ngapi?" Niliishia la saba kama wenzangu wote, na niliijua kazi ile kuliko wapiga picha watatu wa mji huu wakiwekwa pamoja, kwa hiyo jina lile lilinichoma. Nalisema wazi hili la kuchomwa, kwa sababu yaliyofuata yalitokana nalo.

Ilikuwa siku ya arobaini. Pilau limeliwa, wageni wengi wameondoka, Bwana Sefu amekaa barazani na mgeni wake mmoja, mtu wa magendo aliyekuwa akivuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na kurudi na mizani ya mkono begani, hata mji mzima ulimwita Bwana Mizani. Alikuwa mtu wa huku huku, lakini alipenda kuchomeka Kibemba ili ajulikane kuwa anavuka. Mimi nilikuwa nakusanya sahani. Bwana Sefu akasema, kwa sauti ya kunisikilizisha, "Kaka yangu maskini amepoteza maisha yake kwenye makaratasi. Angefungua duka la nguo." Nikaweka sahani chini. Nikamwambia si makaratasi. Nikamwambia ndani ya kila picha kuna fedha, yale madini ya kutengenezea pete na mikufu, ndiyo yanayofanya weusi uwe weusi, na hata dawa tunayoimwaga nyuma ya nyumba inatoka na fedha ndani yake. Nililisema kama mwalimu, mkono kiunoni. Nilitaka wanione nina elimu. Bwana Mizani akaacha kuchokonoa meno. "Mulishani, ba mayo," akanisalimu, yaani hujambo mama, kana kwamba ndiyo kwanza naingia, akanivutia kigoda. Bwana Sefu naye hakuniita mfua picha tena siku ile. Aliniita mwanangu, akaniuliza, kwa upole, fedha hiyo ni nyingi kiasi gani. Mpumbavu mimi, nikajibu kwamba sijui, ila iko kwenye zote.

Iko kwenye zote, ni kweli. Ila iliyomo kwenye picha moja haijai hata ncha ya sindano, na hilo nalo Mzee aliwahi kunieleza, sikulisema kwa kuwa lingenipunguzia ukubwa. Nimeishi na sentensi hiyo niliyoibana mdomoni zaidi ya miaka arobaini. Yule kijana wa msibani anadhani picha zinapotea kwa watu kutojali. Zetu zilipotea kwa mimi kutaka kusifiwa na wanaume wawili wenye mafuta ya pilau vidoleni.

Filamu tulizosafishia picha zote zilikwenda kwanza. Zilikuwa kwenye makopo ya biskuti juu ya kabati, na nilipokuja Jumatatu makopo yalikuwepo, mepesi, matupu. Nikauliza, Bwana Sefu akasema amezipeleka kutunzwa mahali pazuri. Siku hiyo hiyo mchana, nikiwa naosha makarai chini ya dirisha, nikawasikia ndani. Bwana Mizani anasema filamu zimechomwa, zimetoa kidogo lakini zimetoa, na karatasi haziungui vizuri, zichemshwe na magadi mpaka zivue ngozi, halafu yale mashapo ndiyo yachomwe. Bwana Sefu anauliza kama hakuna dhambi. Mwenzake akacheka. "Dhambi ya nini, bwana? Hao wala si ndugu zako." Nilisimama pale, maji ya karai yananimwagikia miguuni. Kitu kilichoniuma si wizi wenyewe. Ni jinsi walivyoongea taratibu, bila haraka, kama watu wanaopanga kuchoma mkaa.

Nikaingia kwa Bi Mwajuma. Alikuwa kwenye kitanda chake, nguo nyeupe za eda, dirisha lina pazia. Nikamweleza yote mpaka sehemu yangu ya barazani. Hakunilaumu. Alinishika mkono akasema, "Eliza mwanangu, mimi niko ndani. Nikitoka leo kugombana na shemeji yangu, watasema nimemkosea marehemu, na hilo sanduku watalichukua vile vile. Nenda kwa balozi." Jumanne asubuhi nikaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mzima, muungwana, ana daftari lake na kalamu. Alinisikiliza. Akasema mali ya marehemu ni ya warithi. Nikasema hii si mali yake, ni ya watu waliomo. Akauliza, "Wako wapi hao watu?" Nikasema Msangano, Mbangala, Ihanda, Ileje. Akafikiri, akasema, "Basi walete Jumamosi, tukae wote. Ila ufunguo mpe mrithi, mwanangu, usije ukaonekana umeng'ang'ania kitu cha watu. Yeye hatafungua mpaka Jumamosi." Bwana Sefu akaitwa, akaapa mbele yetu kwa utulivu mkubwa. Nami nikautoa ufunguo kwenye pindo la khanga, nikamkabidhi.

Mara ngapi nimeulizwa, na watoto wangu mwenyewe, kwa nini sikulibeba lile sanduku nikakimbia nalo. Lilikuwa halinishindi uzito. Ningeweza kulificha kwa shangazi yangu, ningeweza kulifukia. Nilikuwa na adabu, ndilo jibu. Nilifundishwa kanisani na nyumbani kwamba mkubwa akisema mpe, unampa kwa mikono miwili, na nilitoa ufunguo ule kwa mikono miwili na nikapiga goti kidogo. Ninawasikia watu wa umri wangu wakilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu. Mimi silalamiki. Ningekuwa nimekosa adabu siku moja tu, Jumanne ile, mambo mengi yangekuwa mengine.

Siku tatu zilizofuata nilituma habari. Madereva wa malori na makondakta wa mabasi tuliwajua wote, kila mmoja nikampa ujumbe: waambieni wenye picha kwa Athumani waje Jumamosi, kila mtu achukue ya kwake. Ihanda nilikwenda mwenyewe, kwa sababu huko walikuwa wengi, nikalala Alhamisi, na Ijumaa nikarudi na lori la kahawa. Niliposhuka nilisikia harufu kabla sijafika uani. Magadi yakichemka yana harufu yake, na ndani yake kulikuwa na nyingine kama ya kwato zilizoungua. Pipa la mafuta lilikatwa nusu, likawekwa juu ya mafiga, na Bwana Mizani amevua shati, anakoroga kwa mwiko wa pilau. Sanduku limelala pembeni, wazi. Nilisogea nikatazama ndani ya pipa. Ngozi za picha zilikuwa zinabambuka kwenye karatasi, nyembamba kama utando wa maziwa, na watu walikuwa bado wamo kwenye utando ule. Nilimwona yule mzee wa kofia ya mvua anajikunja. Nilimwona bibi harusi wa Ileje amekatika kiunoni. Halafu mwiko unapita, wanakuwa uji mweusi.

Nilipiga kelele, sikumbuki nilisema nini. Ninachokumbuka ni sauti ya Bi Mwajuma kutoka nyuma ya pazia, ambaye hakupaswa kusikika na mwanamume hata mmoja: "Sefu, zima huo moto. Nimekuona tangu asubuhi. Uliapa." Na Bwana Sefu, bila hata kugeuza shingo, akajibu, "Shemeji, toka dirishani, sauti yako isitoke nje, uko kwenye eda." Alimkumbusha dini huku anaongeza kuni. Nilichofanya ni kuchukua karatasi zilizokwisha kutolewa, zimerundikwa kwenye nyasi kama maganda, na kuanza kuzianika ukutani moja moja. Zilikuwa nyeupe pande zote. Ndipo nikaona kwamba nyuma ya kila moja maandishi ya penseli ya Mzee yamebaki, jina, mahali, mwezi. Magadi hayakuiweza penseli.

Jumamosi walikuja. Nalisema hili kwa sauti ili yule kijana alisikie: walikuja. Wengine kwa miguu, wengine juu ya mizigo ya malori, wamevaa nguo za kanisani, wengine na watoto waliozaliwa baada ya waliomo kwenye picha kufa. Uani palijaa. Wote wakanawa mikono kwenye karai, kama desturi yao, kabla hawajaambiwa lolote. Nikasoma majina, nikagawa karatasi nyeupe. Walizigeuza, wakazigeuza tena. Balozi akasimama akasema maneno mengi kuhusu mirathi, akamalizia kwa kusema lililopita limepita, akafunga daftari. Na mavuno ya kazi yote ile yalikuwa kwenye kifuniko cha kopo, Bwana Mizani ameyachoma asubuhi kwenye jiko la mkaa: kijiwe cha kijivu, kidogo kuliko ukucha wa mtoto. Alikitia kwenye mizani, kijiti hakikucheza. Akakirusha kwenye majivu, akachukua begi, akavuka zake mpaka. Hakuna aliyemzuia.

Mama Gidioni alifika wa mwisho, vumbi mpaka magotini. Nilimpa karatasi yake. Waliotangulia wakamsimulia yaliyotokea. Aliuliza nani aliyewaambia hawa kwamba ndani ya picha mna madini. Bwana Sefu, ambaye tangu asubuhi alikuwa anatazama viatu vyake, akainua kidole akanielekeza mimi. "Huyu," akasema. "Huyu mfua picha. Sisi tungejuaje?" Watu wote walinigeukia. Sikukana. Niliwaza atanipiga, na nilitaka anipige. Mama Gidioni akanijia, akakaa kwenye mkeka, akavuta khanga magotini, akaiweka ile karatasi mbele yetu upande usio na maandishi. "Wewe ndiye uliyemwosha," akasema. "Kwa hiyo unamjua. Mimi macho yangu yameanza ukungu, na nyumbani kwangu hayupo tena. Niambie yukoje."

Nikamweleza. Vifungo, kovu juu ya nyusi ya kulia, jicho la kushoto, magoti, kidole gumba kilichofichwa. Alifuata kwa kidole juu ya karatasi, hapa shingo, hapa jicho, na nilipokosea mahali alinisukuma mkono akasema songa. Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, akaja na kuku na karatasi yake ndani ya nailoni. Nilikuwa nimeshaolewa, ninauza mchele sokoni. Tulikaa nyuma ya meza yangu, nikamweleza tena. Akaja mwaka wa tatu, akaja wa nne. Na mimi, nitasemaje, nilikuwa nasahau. Nilikuwa na watoto, nina biashara, na sura niliyoionja maji yake kwa ulimi wangu ilikuwa inaniponyoka. Sikutaka ajue. Nikaanza kujaza. Nilimpa mwanga zaidi kwenye mashavu, nikampa kola iliyopigwa pasi. Alisikiliza yote, kidole kinatembea polepole juu ya ule weupe. Mwaka wa sita, nilipofika mdomoni, nikakuta sina kitu. Nikamwambia Gidioni alikuwa anacheka.

Kidole kikasimama. Sokoni watu wanapita, mtu ananiuliza bei ya mchele. Kisha akaikunja ile karatasi, mara moja, mara mbili, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akaiingiza kifuani.

"Mwanangu hakucheka siku ile," akasema. "Nilikuwa nimesimama mlangoni."

Akainuka, akaenda zake Msangano, na hakuja tena.